Thamani ya Nyumba ya Lamberi

Rwimbogo, tarehe 10 Machi 2024

Binti yangu Épiphanie,

Ninakutangazia wewe, pamoja na wakaaji wote wa Kigali, ya kwamba jana, mbele ya mashahidi wawili, yaani mimi na Maman yako, choo cha kwa Lamberi kilivalishwa mlango mpya. Hotuba nilitoa mimi. Maman alipiga makofi, lakini naona alikuwa anakung'uta unga mikononi.

Kifua chako kinaendeleaje? Hapa tuko wazima, ila magoti ya Maman yanachokozwa na mvua.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa urithi wa taifa wameuliza habari za nyumba yetu, na watatuma mgeni kuitazama. Nasema yetu, ingawa unajua: tuliporudi kutoka Congo tulipewa tukae humu kwa muda, na huo muda unakaribia miaka thelathini. Wakikubali kwamba ndiyo nyumba ya Lamberi, mzungu wa kwanza kulima kahawa mlima huu, itatunzwa, na mimi nitakuwa mlinzi wake. Tutabaki humu mpaka tuzikwe. Wakisema si kitu, tajiri mmoja wa chai ataibomoa, na sisi tutazunguka na magoti yetu kutafuta pa kupanga. Kwa hiyo naandaa.

Ni mimi, Papa yako.

*

Kigali, 17 Machi 2024

Papa yangu,

Nakusalimia sana, na Maman pia. Kifua kimepona, lilikuwa vumbi la shantie tu, pale tunapojenga. Karim, mwuza samaki, amenipa barua yako, inanuka sambaza. Mwambie akipanda basi asiiweke kwenye mzigo wake wa biashara.

Papa, usiandae kitu. Hao watu wanapenda uzee. Ukipaka rangi, umewaharibia.

Ila Maman amenipigia simu. Anasema mlango wa chumba chenu haufungiki tangu mvua zianze. Mimi najenga nyumba za watu kila siku, na mlango ukikataa hivyo mara nyingi ni ukuta uliosogea. Tafadhali angalia nyuma ya nyumba, upande wa mlima.

Binti yako, Épiphanie.

*

Rwimbogo, 2 Aprili 2024

Binti yangu,

Tunashukuru kwa kifua. Sisi tupo, tunalowa.

Nimeangalia nyuma ya nyumba. Ipo.

Rangi sikupaka, nimekusikia. Lakini kwetu mgeni hawezi kufika akakuta majani yamezidi nyumba, atasema hapa hakuna muntu. Kwa hiyo baada ya umuganda wa Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kijiji, majirani wakiwa bado na mapanga na majembe mkononi, niliwaomba wanisaidie na ile miti mikubwa ya huko nyuma, iliyokuwa inaitia nyumba giza. Tumeikata yote, na visiki tumeng'oa. Sasa nyumba inaonekana mpaka barabarani. Ukiitazama vizuri, ni kama imeshtuka.

Mlango niliupiga randa. Ulifungika, ukakataa tena, nikapiga tena. Nikiendelea hivi mgeni atakuta pazia.

Kuna ajabu moja. Chemchemi ya nyuma ilitoa maji mekundu, halafu ikakauka, na mvua hii inanyesha. Na Maman yako siku hizi analala na viatu. Nilimuuliza, "Unaenda wapi?"

"Weye lala tu. Miye niko nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Mulima."

Papa yako.

*

Kigali, 5 Aprili 2024

Papa,

Leo sina salamu ndefu. Na visiki pia? Ile mizizi ndiyo iliyokuwa inashika udongo.

Chemchemi kukauka wakati wa mvua maana yake maji yamepata njia nyingine, na sasa hiyo njia iko chini ya kitanda chenu. Tokeni leo. Jirani yenu Mukantwari ana chumba, na kwake hakuna mlima mgongoni. Mgeni akija atawakuta huko.

Nakuomba kama nilivyokuomba nilipokuwa mdogo.

Épiphanie.

*

Rwimbogo, 24 Aprili 2024

Binti yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilimfikia Maman kwanza. Aliisoma kwa sauti kama tangazo la kanisani, kisha akabeba godoro.

Nikamwambia, "Nyumba ikikutwa tupu watasema haina mwenyewe."

"Basi bakia na muzungu wako Lamberi," akasema. "Mupikiane."

Tangu siku hiyo chakula hakiletwi. Nikitaka maharage, natembea mpaka kwa Mukantwari.

Mgeni alifika jana, anaitwa Umurerwa, kijana mwenye viatu vyeupe. Nilimwonyesha chumba alicholala Lamberi na pembe ya baraza alikonywea kahawa. Alipapasa nguzo, akapiga picha. Kisha akaweka kalamu mezani. Ikaviringika, ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka upande uleule.

"Mzee," akasema, "unalala humu?"

"Kila siku."

Chai hakumaliza. Amesema atarudi kupima.

Leo mvua imesimama, ndege pia wamenyamaza. Na ule mlango wa chumba, ambao sijaugusa, umejifunga wenyewe. Ninakuandikia nikiwa ndani. Nimeuvuta, haufunguki. Karim namsikia barabarani. Barua hii nitampa kupitia dirishani.

Papa yako.

*

Kigali, 28 Aprili 2024

Papa,

Barua imefika. Na wewe toka kupitia hilo dirisha.

Simu yako haiingii, wala ya Maman. Karim anasema barabara ya kuja huko ilikatika nyuma yake, alipopita tu. Redio imetaja Rwimbogo, haikutaja jina la muntu.

Niandikie hata neno moja.

Épiphanie wako.

*

Rwimbogo, kwa Mukantwari, 6 Mei 2024

Binti yangu,

Pumua. Mimi na Maman yako tuko wazima, na magoti yote manne.

Nilitoka dirishani siku ileile. Nisingependa useme ni woga. Ilikuwa njaa. Nilikuwa nakula hapa kwa Mukantwari, Maman akiwa amenipa mgongo, mlima uliposhuka, mchana kweupe. Sauti yake haikuwa kubwa, ni kama muntu anaburuta gunia. Maman hakugeuka. Aliuliza tu, "Nikuongezee maharage?" Akapakua kabla sijajibu.

Nyumba imekatika katikati kama mkate. Chumba chetu kiko bondeni. Mukantwari ametuachia kile chumba cha nyuma.

Jana Umurerwa alirudi, maana alisema atarudi. Akakuta kuta ziko wazi mpaka kwenye msingi, akazunguka na kamba yake ya kupimia. Nilivua kofia, nikampa pole kwa msiba wa taifa. Akaniita, akanionyesha matofali ya chini kabisa. Kila moja lina muhuri wa mwaka: 1964. Lamberi alikuwa amesharudi kwao zamani. Umurerwa ameuliza kwa wazee wa ushirika wa wakulima, na wanaikumbuka vizuri.

Ilikuwa stoo ya mahindi.

Papa yako.