Koti la Kaki na Mke wa Punda

Talaso rafiki yangu,

Hukujua kusoma, na mimi sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja, maana kila asubuhi ulikuwa mlangoni pa duka letu na kibuyu chako cha maziwa. Sasa wiki ya tano imeingia na hujaja. Mimi Kathure, niliyekuwa nikijifanya najua kila kitu kwa sababu nimefika darasa la saba, sielewi chochote. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani jambo hili halizungumzwi.

Gazeti bado linaletwa kutoka Nanyuki. Baba bado anafungia sukari kwa kurasa zake, na mimi bado nauficha ukurasa wa katuni. Unaikumbuka ile familia ya punda? Bwana Punda na kofia yake na gari lake, na mkewe aliyesimama jikoni na mwiko, na kila akiona panya yeye hupanda juu ya kiti. Siku ya kwanza uliniuliza, "Kathure, unajua aje hii ni mwanamke?" Nikakuonyesha kope ndefu na utepe kichwani. Ulicheka mpaka maziwa yakamwagika.

"Nywele ya macho? Hata ngamia dume iko nayo! Sisi tunaangalia chini, wallahi. Na mbona haendi kuleta maji? Punda gani hii ya kukaa nyumba?"

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilimpenda yule mke wa punda. Nilifunga utepe kama wake kwenda kanisani, nawe ukaniita Mama Punda wiki nzima. Nikakwambia mchoraji anaijua kazi yake: mtu akitupa jicho mara moja tu, anajua huyu ni mwanamke. Maneno hayo yananizunguka kichwani sasa, hata nikiwa napima chumvi.

Asubuhi ile kulikuwa na upepo na baridi. Ng'ombe wenu wa maziwa alikuwa hajarudi, ukasema unamfuata upande wa Kinna, hapo karibu tu. Ulikuwa unatetemeka. Nikakupa koti la baba, lile kubwa la kaki alilonunua mnadani, likakufika miguuni. Nikasema umekuwa bwana mkubwa, tukacheka.

Adhuhuri walikuleta umefunikwa. Wengine wanasema ni askari waliopiga risasi, wengine wanasema ni shifta, wale waasi wa porini. Mzee mmoja aliyekuwa huko anasema waliopiga walimwona mtu wa koti refu akikimbia nyuma ya ng'ombe, na kutoka mbali hawakuweza kujua ni mwanamke. Talaso, mchoraji alitumia utepe mmoja tu. Hawa, anasema mzee, walikuwa na darubini! Au ningekuacha na baridi yako, leso yako ikaonekana? Nalala na hasira juu yao, naamka na hasira juu yangu mwenyewe. Sijui kosa ni la nani.

Halafu mama yako alikuja dukani na koti. Amelifua, na tundu amelishona kwa uzi mweusi. Alimsalimu baba, akauliza, "Baba Kathure, unajua hii koti ni ya nani? Mtoto yangu hakuwa na koti." Baba aliliangalia koti lake mwenyewe, akasema hajui. Nami nilikuwa nyuma yake, nikaendelea kupima chumvi.

Baba anaogopa. Ikijulikana koti la kaki lilitoka kwetu likaenda kwa Mborana kama wewe, watasema tunawavisha shifta, na duka litafungwa. Si mtu mbaya, unamjua, alikuwa akikuongezea sukari. Lakini sasa mtaa wetu wote wa Chechelesi unasema koti lilikuwa la shifta, eti ulikuwa unampelekea mchumba wako porini. Watu waliokunywa maziwa yako ndio wanaosema hivyo! Mama yako hatoki nje tena. Anayaamini maneno hayo? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba huenda anayaamini.

Nimefikiria kila upande na bado nimechanganyikiwa. Nikisema, namchoma baba. Nikinyamaza, wewe unabaki na jina lisilo lako. Na ukweli wenyewe sijui kama utamfariji mama yako, maana atajua ni mkono wa nani uliokuvisha. Anaweza kunifukuza. Sitamlaumu.

Pumzika, Talaso. Nilifika wameshamaliza kukuzika, kwa hiyo hata kwaheri sikukwambia. Nakwambia sasa, na ninaumia sana kwa ajili yako.

Kesho naenda kwenu. Nakuahidi sitangoja baba anipe ruhusa. Nitakaa chini mbele ya mama yako, niseme: Mama, koti ni letu, nilimpa mimi. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, kwa hiyo vifungo nilimfunga mimi, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

Kathure