Folda ya Vipimo

Jumatatu, 2 Juni

Akili zilipogawiwa, mimi nilipanga foleni mara mbili, na mara ya pili nilipita mbele za watu. Shule niliiacha njiani—au yenyewe iliniacha, hatujaelewana bado—na leo wenye vyeti vya ukutani wananiletea mimi matatizo yao.

Hili la leo: maktaba yetu. Si ya vitabu! Ni furushi la msimbo ambalo programu za watu wengine hulituma likatafute faili, lihamishe, lifute. Ijumaa saa nne asubuhi tunalitoa rasmi. Mteja wa kwanza ni zahanati. Sasa karani wao, anayelijaribu mapema, kapiga simu: anatafuta folda ya "Barua za nje", anaiona kwa macho yake, programu inamwambia haipo.

Dada Miwani ndiye mkuu wetu. Miwani yake huingia chumbani, yeye hufuata. Kanipa kazi mbele ya wote. Njia za faili, yaani anwani za kuzifikia, zikinyooka, napata meza yangu. Zisiponyooka, miezi mitatu ya majaribio yangu inaishia Ijumaa hiyo hiyo.

Nimemwambia Ijumaa ni mbali, atanikuta nimeshamaliza na nimelala.

Jumanne, 3 Juni

Nimejaribu njia thelathini kwenye kompyuta za ofisini. Zote zimepita! Nikamwambia Miwani karani apelekwe kupimwa macho, si yupo zahanati tayari?

Hakucheka. Kasema kompyuta zetu zinatudanganya, zimepangwa mno. Kweli. Hapa kila folda ina jina la neno moja, kwa amri yake mwenyewe, hata faili za picha za mwanawe zimesimama kama askari. Nijaribu kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida, kasema. Mtu mwenye fujo zake.

Namjua mmoja. Nakaa kwake.

Jumatano, 4 Juni

Shangazi ni fundi cherehani. Kompyuta yake ni nzee, inawaka ikipumua kama mtu aliyepanda ngazi. Nikaomba ruhusa.

"Ifanye utakavyo, baba," kasema, pini tatu mdomoni. "Ila folda ya Vipimo usiiguse. Ina kwaya nzima. Watu arobaini na wawili! Ijumaa nakata vitambaa."

"Shangazi, unaongea na mtaalamu."

"Ndiyo maana nasema."

Asubuhi kabla sijaingia kazini nikaipata kasoro. Mimi! Kile kimstari cha kutenganisha folda na folda: kompyuta nyingine hukilaza kulia, nyingine kushoto, na furushi letu lilijua upande mmoja tu. Nikalifundisha pande zote mbili. Kutafuta, safi. Kuhamisha, safi. Kwenye kufuta nikawa mwangalifu kama bibi harusi: nikanakili folda ya Shangazi, nakala nikaiita "Vipimo vya kujaribia", nikaamuru hiyo nakala ifutwe. Jibu: IMEKAMILIKA.

Palikuwa na kakitu kadogo hapo mwisho. Nikakanyoosha. Miwani alikuwa kwenye simu anauliza vipi. "Imepita, dada!"

Nilipofika ofisini walinipigia makofi. Hata wa mapokezi, ambaye hunisalimia kwa nyusi tu.

Alhamisi, 5 Juni

Meza! Na kiti kinachozunguka. Nimekizungusha mpaka Miwani kasema nikikivunja nitarudi kusimama kando ya printa. Nimezunguka taratibu.

Saa nane Shangazi kapiga. Folda yake haionekani.

Nikamwambia labda iko mahali pengine. Kasema yeye hahamishi vitu, vitu huhama nikiwepo mimi. Nikamwambia kompyuta imezeeka. Kasema na yeye kazeeka, lakini hajawahi kumeza kwaya.

Jioni sitaki kwenda nyumbani. Nimekwenda.

Ijumaa, 6 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi ameniamsha kwa futi ya kitambaa, kaniviringishia shingoni. Kwaya imeitwa irudi kupimwa, na mpimaji ni mimi. Amekwisha kumpima wa kwanza kunionyesha, mzee wa sauti ya besi. Ukimgusa mbavu anacheka kwa besi.

Nikiwa pale nikafungua kumbukumbu za jana na juzi, furushi letu huandika kila linachofanya. Mstari wa mwisho: Imefuta: Vipimo.

Vipimo. Basi! Nimeangalia mara tano. Njia ikifika penye nafasi kati ya neno na neno, furushi linasoma neno la kwanza, mengine linayatupa. Niliagiza "Vipimo vya kujaribia", likachukua "Vipimo". Ndiyo shida ya karani pia! Barua za nje. Linatafuta "Barua", haipo. Kimstari changu cha kulia na kushoto hakikumsaidia hata kidogo.

Saa nne kasoro kumi. Niko chooni ofisini, naandika magotini, futi bado iko shingoni. Miwani kanisomea ratiba ya zahanati kwa furaha: tukishatoa tu, karani ataanza kwa kufuta folda ya "Wagonjwa wa zamani". Pembeni yake ipo nyingine. Inaitwa "Wagonjwa".

Na heshima ya kubonyeza kitufe wamenipa mimi.

Wanagonga. Sauti ya Miwani: "Mdogo wangu, umezama humo? Watu wanakungoja!"

"Nakuja, dada!"

Nikimwambia kuna kasoro, atauliza ilipitaje Jumatano. Kimstari kinasameheka. Nafasi kati ya maneno inasameheka, hata Miwani mwenyewe hakuiona. Lakini kale kakitu kadogo ka Jumatano. Wacha niandike kwanza, nione maneno yanakaaje.

Jibu lilisema IMEKAMILIKA, na nakala ilikuwa bado ipo pale pale, inaniangalia. Miwani alikuwa anauliza vipi. Nikaifuta mwenyewe, kwa mkono, moja kwa moja bila kupitia kapu la taka, nikasema imepita.

Dada, haikupita. Niliifuta mimi.

Wanagonga tena.