Sweta Lenye Madirisha

Jumatano, 1 mwezi wa nane 1956
Nimefuma mistari kumi na miwili leo, baada ya kuanika ndagala, samaki wetu wadogo. Uzi unanata vidoleni kwa jasho. Hapa Rugenge, kando ya ziwa, nani amewahi kuhitaji sweta? Lakini Agnesi, binti yangu wa pekee, anaingia utawani tarehe nane mwezi ujao, milimani, juu ya Bukavu. Msichana akiolewa, mama humfungashia mkeka na kapu. Anayekwenda kwa Mungu afungashiwe nini? Nataka awe na kitu cha mkono wangu mwilini. Hilo tu.

Jumatatu, 6
Nina hasira naye. Baba yake alipokufa tulibaki wawili. Sasa ananiacha peke yangu, na anaimba huku akisonga ugali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ijumaa, 17
Mgongo na kifua tayari. Nimempelekea mtawa anayetufundisha kufuma. Akaliinua kwenye mwanga, akacheka mpaka machozi. Nimelijaza matundu, kwa makusudi, hewa ipite, nguo isimchome mtoto. Mimi joto ndilo ninalolijua.

"Mama Agnesi, weye umefanya madirisha. Kule baridi itaingia bila kubisha."

Wenzangu wakacheka. Nikacheka nao. Nimelia nilipofika nyumbani. Nimefumua lote.

Jumamosi, 25
Nimeufuma mgongo tena. Vidole vimevimba. Ndagala za jana zimeharibika, sikukumbuka kuzigeuza.

Alhamisi, 30
Imebaki mikono. Agnesi alinyoosha wake nimpimie. Kamba toka bega mpaka kiganja, nikafunga fundo.

"Mama, minye siendi kufa."

Nikamwambia anyamaze, nahesabu. Sikuwa nahesabu chochote.

Jumamosi, 8 mwezi wa tisa
Nimemaliza alfajiri. Halina tundu hata moja. Lori lilipofika jua lilikuwa limeshawaka. Agnesi akalivaa hivyo hivyo, ili anifurahishe. Jasho likamtiririka shingoni, abiria wakamcheka. Hakulivua. Nililiona sweta lile jekundu mpaka lori lilipokata kona ya kwenda Kasenga.

Nimepika ugali wa watu wawili. Nimesahau.

Jumapili, 28 mwezi wa kumi
Barua ya Agnesi. Mzima. Mvua kila siku, asubuhi maji yanauma meno. Sweta alilivaa siku mbili. Kule hakuna cha mtu: nguo zote huingia kabati moja, na mkubwa wao ndiye anayezigawa. Langu amepewa Veronika, msichana wa Albertville, anakohoa sana. Mikono imemtosha sawasawa. Agnesi anaandika kwamba amefurahi.

Mimi sikufurahi. Nimelikasirikia kabati, nimemkasirikia Veronika, na Mungu pia. Niliapa sitashika sindano tena.

Jumapili, 4 mwezi wa kumi na moja
Nimemwombea Veronika kikohozi kipungue. Ilinichukua misa nzima kulitamka jina lake. Naye mama yake yuko pengine kando ya ziwa hili hili, huko Albertville, hajui kwamba mtoto anakohoa.

Jumanne, 6
Joto kali, ziwa limetulia. Nimepata uzi wa buluu. Nimeishusha ile kamba ya kipimo msumarini, fundo lake lipo bado. Sweta hili nalo litaingia kabatini, litavaliwa na yeyote. Nitafuma mikono kwa kipimo cha Agnesi.