Shemeji Anayepiga Deki

Kariobangi Kusini,
Nairobi.
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Mpendwa Lorine, mwana wa ndugu yangu,

Mulembe sana, mama. Hujambo huko Manchester? Baridi imepungua, au bado mnavaa makoti hadi kanisani? Natumai yale mafua yamekwisha na unakula chakula cha kushiba, si mikate tu. Mimi senge wako, shangazi yako, ni mzima, namshukuru Mungu. Ni hili goti la kulia tu linalonikumbusha umri, na mimi sikubali kukumbushwa.

Simu yako niliipokea, lakini mambo marefu siyawezi kwenye simu. Nimeandika kwa mkono, na jirani yangu Muthoki ataipiga barua picha akutumie. Uvumilie mwandiko.

Umeuliza kama ile mashine inayotembea yenyewe ikisafisha sakafu inafaa umnunulie mama yako pale Donholm, kwa kuwa mgongo unamsumbua. Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Kwanza ninayo, alininunulia mwanangu Javan. Pili, sakafu naijua. Nilipiga deki ofisi za reli tangu nikiwa msichana hadi nikastaafu, na hakuna bosi aliyewahi kuniambia nirudie chumba. Hii nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu Shiundu, hakuna mtu amewahi kuingia akakuta sakafu inanata. Sijigambi. Haya basi, najigamba, si ni kweli?

Mwaka jana daktari alinikataza kupiga magoti na kuinama na tambara. Nikaleta msichana wa kazi. Lorine, alikuwa anasukuma tambara kwa mguu! Amesimama wima, simu mkononi, tambara chini ya kandambili. Nikamlipa, tukaagana kwa amani, nikarudi magotini mwenyewe. Siku moja Javan akaja akanikuta nimekaa chini na ndoo yangu, nimeshindwa kuinuka.

Aliogopa sana. Akasema nihamie kwake Kitengela, hii nyumba ipangishwe. Nililia mbele yake, na unajua mimi si mtu wa kulia. Kwake ni kuzuri na mke wake ni mtu wa watu, lakini ni kwao. Hapa nikishika kitasa cha mlango ni kwangu. Mwishowe tukakubaliana: ataninunulia hiyo mashine, na siku ya Pasaka aje aangalie. Akikuta nyumba safi na goti halijafura, nakaa. Akikuta nimerudia tambara, nafunga virago bila maneno.

Basi ikaletwa. Ni kitu cha duara, kimo cha sahani ya ugali iliyofunikwa. Kinafagia, kinapangusa, kikichoka kinarudi ukutani kujilisha umeme na kulala. Kinazunguka nyumba nzima kikichungulia chini ya meza bila kuomba ruhusa. Nikakiita Shemeji. Ndugu za marehemu huko Butere wanisamehe, lakini ni wao kabisa!

Siku ya kwanza tu Shemeji alikamata kile kitambaa cheupe cha kufuma kilichoning'inia mezani, akakivuta, chupa ya chai ikashuka nacho. Tangu hapo vitambaa vyangu vyote nimevikunja juu. Mama yako ananishinda kwa vitambaa, vyake vinafagia hadi chini. Mwambie mapema asije akalia.

Sasa nikuambie kituko nilichofanya. Tangi la maji la Shemeji linajaa kwa kikombe kimoja. Kikombe, Lorine! Mimi nyumba naiosha kwa ndoo: unamwaga maji ya sabuni, yanatapakaa mpaka kwenye pembe, ndipo unakamua tambara. Ijumaa Kuu, nikitaka sakafu ing'ae kabla Javan hajafika Jumapili, nikaona nimsaidie Shemeji. Nikamwaga ndoo nzima na sabuni ya unga, kisha nikambonyeza. Akaogelea hadi katikati ya sebule, akatoa povu, akanyamaza.

Woi! Maji niliyasukuma nje kwa fagio refu, lakini sakafu ikabaki na michirizi ya sabuni kila mahali. Tambara langu la zamani lilikuwa pale kwenye ndoo. Nililishika. Ningepiga magoti kidogo tu na kila kitu kingekuwa sawa, na nani angejua? Lakini goti lingejua, na nilikuwa nimempa mwanangu neno langu. Nikalirusha tambara juu ya kabati nisikoweza kufika.

Shemeji nikampangusa kwa taulo, nikampeleka uani, nikamweka kwenye jua juu ya karai nililolipindua. Muthoki akapita akauliza, "Mama Javan, leo tunaanika omena?" Nikamjibu, "Naanika Shemeji, amelowa." Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia paa la nyumba yangu na kuwaza ni nani atakuja kuipanga.

Jumamosi jioni nikambonyeza tena. Akalia mlio wake, akaanza kutembea! Nilipiga vigelegele peke yangu, Muthoki akaja mbio akidhani nimepata mgeni. Tukajaza kikombe chake kimoja, tukamwachia kazi. Alipita, akarudi, akapita tena, mpaka michirizi yote ikaisha.

Unakumbuka mlivyokuwa wadogo nilivyokuwa nawatembeza sebuleni na soksi nyeupe za shule? Zikichafuka, aliyepiga deki anarudia. Hata wewe ulirudia ile likizo uliyokaa kwangu, usijifanye umesahau. Basi Jumapili Javan alikuja na suti yake, akaketi mlangoni kufungua viatu. Mwanaume mzima, ndani amevaa soksi nyeupe! Alitembea sebuleni, akaingia jikoni, akafika hadi chumbani kwangu. Akarudi, akainua mguu mmoja akatazama, akainua wa pili. Kisha akainama akanipapasa goti.

"Mama," akasema, "kaa kwako."

Lorine, nimejivunia mambo mengi katika maisha yangu, lakini siku hiyo nilijivunia mtoto niliyemzaa, na nikajivunia mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mnunulie mama yako. Pembe haizifikii vizuri, fagio lisitupwe, na kizingiti haikipandi. Lakini itampumzisha mgongo. Mwambie maji ni kikombe, si ndoo, na akibisha mwambie aniulize mimi.

Baba yako Wandera nisalimie sana ukimpigia, umwambie dada yake bado ana kichwa kigumu. Javan na watoto wanakusalimu, na Muthoki pia, ambaye mpaka leo akipita ananiuliza kama omena imekauka. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu salama.

Ukija Disemba, njoo na soksi nyeupe. Mlango utafunguliwa na mimi.

Senge wako akupendaye, niliye kwangu,
Annah Ayuma