Langoni kwa Dada Yangu

Hansa, dada yangu,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu, na nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya. Nimemkasirikia kaka yako Dilip, nimemkasirikia binti yako Mira, na wewe uliyelala huko usidhani umeponyoka. Zamu yako inakuja.

Ulikufa watu wakipanda mahindi. Sasa yamevunwa na yameanikwa kando ya barabara kutoka Kitale mpaka Kimilili. Katikati hapo Agosti ilipita, siku ya rakhi ikapita, na hakuna dada aliyenifunga uzi mkononi. Nilishinda nikiutazama huo mkono mpaka mke wangu Nasimiyu akaniuliza kama unaniuma.

Unakumbuka tulivyoanza? Dilip alikuwa amepelekwa Mauritius kwa shangazi yenu kusoma, wewe ukabaki na uzi wako mwekundu bila mkono wa kuufunga. Ukalia nyuma ya darasa kama mtu aliyefiwa. Mimi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, nikauliza shida ni nini, na kabla sijaelewa nilikuwa nimeshafungwa. "Sasa wewe ni bhai yangu, kaka yangu," ulisema. "Usiutoe mpaka ukatike wenyewe." Mama yangu alipouona alikwenda kutafuta wembe, alidhani nimerogwa. Nilipomweleza kwamba nimepata dada, aliuweka wembe chini, akasema kwetu Wabukusu ndugu haendi kwa dada yake mikono mitupu. Kesho yake nikafika dukani kwenu nimekumbatia jogoo.

Maskini mama yako. Nyumba ambayo hata yai halikuvuka mlango, analetewa jogoo mzima anayepiga mabawa. Alinitazama, akamtazama jogoo, akaita miungu yake yote. Lakini hakunifukuza. Yule jogoo akaishi nyuma ya duka akila mchele wa biashara mpaka akafa kwa uzee, kifo ambacho jogoo wa Mbukusu hajawahi kukiona.

Tukakua, tukaoa na kuolewa, na bado kila Agosti nilitoka Bungoma nikaja Kitale kufungwa uzi. Kila baada ya Diwali, ile siku ya Bhai Bij ambayo ndugu huenda kulishwa kwa dada yake, nilikuja ukanipaka alama nyekundu kwenye paji la uso na kunijazia sahani mpaka nikafungua mkanda. Mira alikuwa mdogo, kazi yake kushika taa isizimike. Aliniita Mjomba. Ukinilisha ulinisimulia habari za kisiwa cha Dilip, jinsi Wahindi na Waafrika na Wachina wa huko wanavyopelekeana vitamu Diwali ikifika, na Idi, na Krismasi. "Huko hakuna mtu wa nje," ulisema. Nikakujibu kwamba hata Kitale hakuna, kwani mimi ninakula wapi?

Mwaka huu nilikuja. Nilikumbuka ulivyonifundisha: nyumba yenye msiba haipiki vitamu mwaka huo wala haiwashi taa za Diwali, wengine ndio humletea aliyefiwa. Kwa hiyo Nasimiyu alisonga kashata za njugu, akazifunga vizuri kwenye kitambaa cheupe, na mimi nikavaa koti la kanisani. Nilitaka kumpelekea Mira, nikae naye kidogo pale ulipokuwa ukikaa.

Hansa, nyumba yako ilikuwa inameremeta. Taa za rangi ukutani, magari mpaka barabarani. Nikasimama nikidhani nimekosea nyumba. Mlinzi, kijana wa Endebess ambaye hanijui, akanizuia langoni. "Mzee, leo ni familia peke yake. Si ungoje hapo kidogo, bana." Nikamwambia mimi ni familia. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akatabasamu kwa heshima, na lango akaliacha limefungwa.

Ndipo Dilip akatoka. Mvi zimemjaa, tumbo limetangulia, na macho ni yako kabisa, jambo lililonichanganya. Nyuma yake mezani niliwaona wageni wakila, na kabla ya kunifikia bado alikuwa akiwageukia kuwaeleza jinsi kwao Mauritius mataifa yote yanavyosherehekea pamoja kama ndugu. Ndiyo, Hansa, maneno hayohayo, na mimi niko nje ya lango na kashata zangu. Akachukua boksi moja la vitamu kutoka kwenye lile rundo la maboksi ya wafanyakazi, yale ambayo wewe ulikuwa ukiwapa vijana wa duka wakifunga kazi, akanipitishia kwenye vyuma vya lango. Akasema, "Asante sana mzee kwa kumtumikia dada yangu miaka hii yote."

Kumtumikia. Nimelitafuna neno hilo tangu siku ile na halimezeki. Nilikutumikia lini? Nilikuuzia nini, nilikufagilia wapi? Na mikono yangu, hii hapa, ililipokea boksi. Ndilo linaloniwasha usiku na mchana. Nilifundishwa kupokea kwa mikono miwili kitu ninachopewa, basi ikapokea yenyewe kabla kichwa hakijafika.

Mira alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona, nilimwona. Mtoto aliyeshika taa nikipakwa alama ya paji, angeweza kusema neno moja tu, Mjomba, na lango lingefunguka. Akatazama chini. Kashata nikamwachia mlinzi, nikarudi Bungoma. Boksi likaliwa na sisimizi juu ya kabati, hakuna mtu nyumbani kwangu aliyeligusa.

Nasimiyu aliniogopa siku hizo. Anajua kwetu khocha, ndugu wa mama, akinuna, mpwa haendi mbele. "Baba, usimlaani yule mtoto," aliniambia, "yeye pia amefiwa na mama." Sikumlaani. Lakini Mira alipopiga simu niliiacha ilie.

Sasa ni zamu yako. Usiku wa kwanza niliketi nikakumbuka kitu ambacho sikukifikiria maisha yote. Ulinilisha wapi, Hansa? Kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na jiko. Nilipita mlango gani? Wa pembeni. Nilidhani tunakaa huko kwa sababu huko ndiko tunakoweza kupiga domo bila mama mkwe wako na wakubwa wengine kutusikia. Kumbe ulinificha? Miaka yote hiyo hukumwandikia kaka yako hata mstari mmoja kwamba alipoondoka na mkono wake, kuna mtu aliyeutoa wake badala yake? Nilitaka kuja kukuuliza, na hapo hasira ikazidi, maana sikujua nije wapi. Sisi mtu wetu tunamzika nyumbani, ukitaka kugombana naye unajua alipo. Wewe nilisimama nyuma ya watu nikakuona unachomwa, majivu yakachukuliwa na familia, na mimi sikuambiwa yameenda wapi. Nikaamini Dilip amekupeleka kisiwani kwake.

Mira akapiga tena. Nasimiyu akaipokea, akaniwekea sikioni kwa nguvu. Mtoto alikuwa analia. "Mjomba, niko na aibu, sijui nianzie wapi." Nikamwacha aanze mwenyewe, sikumsaidia. Akasema Dilip kweli alitaka kukubeba akakumwage bahari ya huko, na wewe ulikataa ukiwa bado kitandani. "Mama alisema majivu tumwage mto Nzoia, kwa sababu unapita kwa ndugu yake. Uncle akasema hiyo ni homa inaongea, ndugu yake anakaa Mauritius. Mimi nilijua ni wewe. Nikanyamaza tu, lakini nilihakikisha tumeenda Nzoia."

Niliketi chini, dada. Shamba letu linaishia kwenye mto huo. Ng'ombe wangu wanaunywa. Wakati nalalamika kwamba huna kaburi, ulikuwa umeshapita nyumbani, na mimi nilikuwa dukani kwangu nikiuza mbolea.

Nimelia, ndiyo, lakini usifikiri imeisha. Kwa nini ulisema kitandani, ulipokuwa unakufa, badala ya kusema mezani ukiwa mzima, Dilip akiwa kwenye simu na mama mkwe wako anasikia? Homa ndiyo ikupe ujasiri? Nilistahili kulisikia hilo kutoka kinywani mwako. Mira nimemwambia aje Bungoma akiwa tayari, apite mlango wa mbele, na nitamkaripia kwanza kabla ya kumpa chakula. Amekubali. Dilip amesharudi kwake na sina neno naye.

Basi kwaheri, Hansa. Mwaka ujao, siku ya Bhai Bij, nitajipaka alama nyekundu mwenyewe na kushuka Nzoia na sahani yangu, mchana kweupe, pale wanapofulia nguo, watu wakiwa wamejaa. Nitakaa mbele yao wote nile mpaka nimalize. Wakiniuliza ninafanya nini pale, nitawaambia kwa sauti nimekuja kwa dada yangu.

Ndugu yako,
Barasa