Nani Ameigusa Laptopu Yangu?

Jumanne, tarehe 14. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba watoto, chakula kiko jikoni, kipashe moto. Binti yangu, nguo anika ndani.

Sasa la laptopu. Wiki nzima kioo kilikuwa cheusi, kwa sababu kadi yake ya picha ni mpya kuliko Linux, mfumo wa kompyuta niliouweka. Mwalimu wa darasa la kompyuta la jioni alisema niweke kiini kipya cha mfumo, yaani sehemu inayoendesha vifaa kama kadi hiyo. Leo baada ya sala nimeiwasha nianze kazi, nikakuta kioo kinang'aa. Nikamshukuru Mungu, kisha nikatazama orodha ya amri ilizopewa. Za kuweka kiini kipya zimeandikwa jana saa kumi, nikiwa kazini. Malaika hahitaji nywila yangu, na mnaoijua ni ninyi wawili.

~~Simshuku mtu.~~ Nawashuku wote. Binti, si wewe uliyesema, "Mama, utazeeka na kioo cheusi"?

Najua mlinionea huruma. Hata hivyo nimekiondoa kiini kile, na kioo ni cheusi tena. Msiiguse laptopu. Juzi nilisimama darasani nikasema mbele ya mwalimu na wenzangu kumi: "Ijumaa nitaonyesha kazi ya mikono yangu mwenyewe, Mungu akinijalia."

Mama