Asubuhi Niliyokuambia Baridi Imekwisha

Dada Riziki,

Nimekaa mezani kwako, hapa Hjulsta, kwenye kiti chako cha karibu na dirisha. Mwanao Neema yuko shule. Ni wiki ya sita tangu tukuzike, na kuna neno sikuweza kukuambia hata pale makaburini. Ndiyo maana nakuandikia.

Asubuhi ile nilishuka kwako kutoka ghorofani, twende kazini pamoja kama siku zote. Mvua ilikuwa inanyesha na theluji yote ya barabarani ilikuwa imeyeyuka. Ulikuwa umeinama mlangoni, unatafuta vile vyuma vyenye meno unavyofunga chini ya viatu ili usiteleze. Mimi niliona treni itatuacha. Nikakuambia, "Dada, acha hivyo. Baridi imekwisha." Ukanitazama, ukaviacha kwenye rafu. Hukubisha. Wewe uliyenifundisha kazi hii ya kuhudumia wazee majumbani, jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, jinsi ya kuongea Kiswidi changu kibovu bila kuona haya, siku hiyo ulinisikiliza mimi.

Saa tano nilikuwa mtaa wa Vällingby, namwogesha bibi mmoja, nikaona mvua dirishani imekuwa nzito na nyeupe. Upepo uligeuka mara moja. Kabla sijamaliza kumvisha soksi, theluji ilikuwa inamwagika hata jengo la ng'ambo halionekani. Maji yote ya mvua yaliyokuwa njiani yakaganda, theluji ikayafunika. Nilikukumbuka. Nakuapia, nilikukumbuka. Nikajisemea nitakupigia nikimaliza. Kisha mabasi yakasimama, nikaanza kuhangaika nitafikaje kwa mtu wa pili, na simu sikupiga.

Mengine amenisimulia mzee Lennart, mmoja wa wazee wako. Ulifika kwake kwa miguu, umelowa chapachapa, ukampashia supu, ukampa dawa zake. Alikusihi ungoje dhoruba ipite. Ukamwambia kuna mama mwingine mbele na bado hajala. Alikutazama dirishani mpaka ukapotea kwenye theluji. Kumbe ulipita njia ya nyuma ya uwanja wa mpira, penye ngazi za mawe. Aliyekuona ni mtu aliyekuwa anatembeza mbwa wake, saa tisa. Alisema alidhani ni koti limeanguka.

Daktari alisema ni kichwa, na baridi. Alivitaja vyote viwili. Siku mbili tulikaa nawe hospitalini, Neema amekushika mkono, na hukufumbua macho.

Kanisa lilijaa. Kwaya ilishindwa kumaliza ubeti wa pili. Mzee Lennart alikuja na kigari chake cha kutembelea, akakaa nyuma kabisa, hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, akalia kutushinda. Wazee wako wamegawanywa, mimi nimepewa watatu. Yule mama uliyekuwa unamwendea anauliza kila siku mbona huji. Nilimwambia ukweli mara mbili, akasahau mara mbili, na kila mara alilia upya. Sasa namwambia uko safarini.

Neema yuko nami. Watu wa ustawi wa jamii waliniuliza kama ninaweza kukaa naye, nikakubali kabla hawajamaliza swali. Nimehamia hapa kwako ili asihame chumba chake. Anakula kidogo sana. Nikimsemesha, ananijibu neno moja la Kiswidi, kama alivyokuwa anakufanyia wewe mkigombana.

Jumapili nilishindwa kunyamaza. Tuliporudi kutoka kanisani nilimketisha sebuleni nikamwambia habari ya vile vyuma. Nilisema yote, hata kwamba nilichoogopa ni kuchelewa tu. Nilingoja anifukuze. Akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Mama alinipigia. Saa saba. Nilikuwa na wenzangu. Nikaona jina lake, nikaifunika simu, sikupokea."

Mara tatu, dada. Ulimpigia mara tatu.

Akaniuliza kama wakati ule ulikuwa umeshaanguka. Kama ulikuwa unaomba msaada, au ulitaka tu kumwambia avae vizuri akirudi nyumbani. Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. Lakini huyu si yule mama, huyu hatasahau. Nikasema, "Sijui, mwanangu. Hatutajua." Akajilaza mapajani mwangu na urefu wake wote huo, akalia kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Wali ukaungua jikoni, hakuna aliyeinuka.

Siwezi kukuuliza ulitaka kusema nini. Naomba tu isiwe kwamba ulikuwa unaomba msaada.

Nakuahidi hivi. Sitamdanganya. Na kila atakaponiuliza, hata akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, nitamwambia kwamba mtoto aliyefunika simu hakumuua mama yake. Nitamwambia mpaka aamini. Langu mimi nitaendelea kulibeba, sijajua bado nitalitua wapi.

Lala, dada yangu. Nainuka sasa, nimfuate shuleni. Hapendi, anaona haya mbele ya wenzake. Kwa hiyo huwa nasimama ng'ambo ya barabara, mbali kidogo, mahali ambapo akitoka ataniona.

Mdogo wako,
Furaha